Hita ya maji lita 50 inavuja chini na breka inaruka: nataka kuibadilisha mwenyewe

Mkazi_Nkuhungu

Wakuu, habari za humu. Nina hita ya umeme ya ukutani, lita 50, wati 1500, ile ya kusimama wima. Iko bafuni, hapa Dodoma. Maji ni ya kisima kirefu na yana chumvi, birika la chai linashika magamba meupe haraka sana. Simtanki ya lita 2000 iko kwenye mnara wa mita 6, hakuna pampu. Bomba zote ni PPR (plastiki ngumu inayoungwa kwa kuyeyushwa) ya milimita 20.

Sasa maji ya rangi ya kutu yanadondoka chini ya hita, na breka ya kuzuia umeme kuvuja inaruka dakika chache baada ya kuwasha. Kuunga PPR naweza na mashine ya kuunguzia ninayo. Naomba kujua: nibadilishe hita nzima au kuna kifaa kimoja tu kimekufa? Ninunue nini ili nisikwame katikati ya kazi? Kushusha ya zamani na kupandisha mpya kunaanzia wapi? Na ile valvu ndogo kwenye njia ya maji baridi kazi yake ni nini hasa, maana iliyopo imezibwa kwa kizibo ili isidondoshe.

FundiBomba

Mkuu, kwanza zima hita hiyo kwenye breka na usiiwashe tena, hata kwa dakika tano. Hicho kizibo ndicho kinachonitisha kuliko huko kuvuja.

Maji yakipashwa moto hutanuka. Lita 50 zikitoka nyuzi 25 kufika 60 zinaongezeka karibu lita 0.7. Valvu hiyo ndogo ina kazi mbili ndani ya mwili mmoja: inazuia maji ya moto yasirudi kwenye bomba la baridi, na presha ikifika baa 8 inafunguka na kutoa ziada kupitia kitundu cha pembeni. Ukiziba kitundu, ile ziada haina pa kwenda. Mnara wako wa mita 6 unatoa baa 0.6 tu, kwa hiyo watu hudhani hakuna presha ya kuogopa. Presha hiyo haitoki mnarani, inazaliwa ndani ya tenki kila unapowasha. Hupanda mpaka kitu kishindwe: gasketi, hozi, au ile enameli (tabaka gumu kama kioo linalokinga chuma) ya ndani inapata ufa na chuma kinaanza kuliwa. Na siku themostati (kidhibiti joto) ikigandia imewaka, na kile kikato chake cha dharura nacho kikashindwa, maji yanapita nyuzi 100 yakiwa bado maji kwa sababu yamebanwa. Tenki likipasuka hapo, yanageuka mvuke kwa mara moja. Hita ya namna hiyo hubomoa ukuta na kuua.

Sasa kujua kilichokufa. Umeme ukiwa umezimwa na umehakikisha kwa testa, fungua kile kifuniko cha plastiki cha chini. Utaona sahani ya chuma yenye nati kadhaa, humo ndimo koili (kinachopasha maji), themostati na fimbo ya anodi (inayokinga tenki lisiliwe na kutu) vinaingilia. Ikiwa maji yanatoka kwenye mzunguko wa sahani hiyo, tatizo ni gasketi, na hita inaweza kupona kwa gasketi mpya na koili mpya. Ikiwa yanatoka kati ya sponji ya kutunza joto na ganda la nje, au ganda limevimba na kuota kutu kwenye maungio, tenki la ndani limetoboka. Hilo halitengenezeki. Usikubali mtu akuambie atalichomelea: moto wa welding unaunguza enameli kuzunguka kidonda, na baada ya muda mfupi linatoboka pembeni yake.

Koili ipime kwa mita ukiwa umechomoa nyaya zake. Ya wati 1500 kwa volti 230 inatakiwa isome karibu omu 35 kati ya ncha mbili. Halafu weka waya mmoja wa mita kwenye ncha na mwingine kwenye chuma cha sahani: mita isisome chochote. Ikisoma, ganda la koili limetoboka, maji yameingia ndani, na ndiyo sababu breka inaruka. Mara nyingine mita ya kawaida haioni kasoro hiyo koili ikiwa ya baridi, kwa hiyo kama breka inaruka hita ikianza kupata joto, amini breka.

Kwa maelezo yako (kutu, chumvi, valvu iliyozibwa, breka) mimi ningenunua hita mpya. Koili na gasketi mpya kwenye tenki lililokwisha kuanza kuliwa ni hela ya kutupa.

WayaTatu

Naongezea upande wa umeme, halafu FundiBomba aendelee na bomba.

Wati 1500 kugawa kwa 230 ni ampea 6.5, mzigo mdogo. Waya wa milimita 2.5 wenye nyuzi tatu unatosha, breka ya ampea 16. Ukishawishika kununua hita ya wati 3000, hiyo ni ampea 13, na njia ikiwa ndefu weka waya wa milimita 4 na breka ya 20. Usiweke plagi na soketi bafuni. Weka swichi ya hita ya ampea 20 yenye taa, inayokata laini (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) kwa pamoja. Ikikata laini peke yake, na nyaya zimegeuzwa mahali fulani nyumbani, utazima swichi na koili itabaki na umeme. Ikae nje ya bafu kabisa. Ikishindikana, iwe mbali na eneo la kuogea kwa sentimita 60 au zaidi.

Breka ya kuzuia umeme kuvuja iwe ya miliampea 30. Iliyopo imefanya kazi yake vizuri, usiiondoe kwa kuwa "inasumbua". Bonyeza kitufe chake cha T: isiporuka, ibadilishe kabla ya kugusa hita.

Ethi, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, ndiyo watu wengi wanayoidharau. Mita ikionyesha volti 230 kati ya laini na ethi, hiyo haithibitishi kwamba ethi ni nzuri. Inaonyesha tu kwamba waya umefika mahali. Nondo ya ethi iliyopigwa kwenye udongo uliokauka inapoteza uwezo, na Dodoma kiangazi ni kirefu. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) aje na kipimo cha ethi, na ndiye aunge nyaya na kukagua mzunguko. Kubadilisha hita kwa upande wa maji na ukuta fanya mwenyewe. Upande wa umeme ni dakika chache kwa mtu mwenye vipimo, na kosa lake linampata mtu aliyelowa maji.

Kwenye hita, waya wa kijani na njano unafungwa kwenye bolti yenye alama ya ethi kwenye chuma, kwa kichwa cha waya cha kubana, si kwa kuuzungusha kwa vidole. Skrubu za laini na nyutro zikazwe kwelikweli. Unaposikia hita imeyeyuka plastiki ya chini, mara nyingi ni skrubu iliyolegea ikapasha moto ncha ya waya.

FundiBomba

Haya, tuendelee.

Vitu vya kununua: hita yenyewe, valvu ya baa 8 ya nusu inchi (huwa ndani ya boksi, lakini hakikisha), hozi mbili za nusu inchi zilizosukwa kwa waya wa chuma kisichoshika kutu, geti valvu moja mpya ya njia ya baridi, adapta za PPR zenye nyuzi za nusu inchi, thredi tepu mbili, bolti za kutanuka za milimita 10, na mpira mwembamba wa kutoa maji ya valvu mpaka kwenye shimo la bafu. Nunua na fimbo moja ya anodi ya akiba ya hita hiyohiyo, nitaeleza chini. Dukani uliza kama anodi na gasketi zake zinapatikana. Hita ambayo vipuri vyake havipo mjini, kwa maji kama yako, usiichukue hata iwe rahisi.

Kabla ya kulipia, pima umbali wa bolti za ukutani na ulinganishe na mabano ya hita mpya. Hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Usijaribu kuipinda bano ili ifike kwenye tundu la zamani.

Kushusha. Zima jioni ili asubuhi maji yawe yamepoa. Funga geti valvu ya baridi, fungua bomba la moto la bafuni. Maji yatatoka kidogo kisha yatakata, na hapo wengi hudhani tenki limeisha. Halijaisha hata kidogo. Ndani, njia ya moto ni mrija mrefu unaochota juu kabisa ya tenki, na bila hewa kuingia kupitia mrija huo hakuna kitakachotoka. Fungua hozi ya moto kwenye hita (alama nyekundu), kisha toa kizibo cha valvu na inua kile kisukani chake, au legeza valvu yenyewe taratibu. Maji yatashuka kwa upande wa baridi. Andaa ndoo tatu za lita 20. Hata yakikoma, chini hubaki tope la magamba, kwa hiyo hita itakuwa nzito kuliko ulivyotegemea. Muwe wawili.

Ukuta. Hita ya lita 50 ikijaa inakaribia kilo 70, na inakaa juu ya kichwa cha mtu anayeoga. Kama bolti za zamani zimelegea au zina kutu, toboa matundu mapya pembeni. Kwenye tofali la saruji lililoshiba, bolti ya kutanuka inashika vizuri. Plagi za plastiki hapana. Kwenye tofali lenye uwazi ndani, pitisha nondo yenye nyuzi ya milimita 10 mpaka upande wa pili, weka bamba la chuma la sentimita 10 kwa 10 na nati. Kwenye jipsamu usitundike. Acha angalau sentimita 40 za nafasi chini ya hita, vinginevyo siku ya kutoa anodi utalazimika kuishusha yote.

Valvu inafungwa moja kwa moja kwenye nipo ya baridi, yaani ncha ya bomba yenye nyuzi inayotoka kwenye tenki (alama ya bluu), mshale ukielekea kwenye hita. Kati ya valvu na tenki kusiwe na kitu kinachoweza kufungwa, wala geti, wala koki. Geti valvu inakaa kabla yake. Zungusha thredi tepu kufuata njia ya kukaza, mizunguko 12 hivi, kaza kwa mkono kisha malizia kwa spana malaya, polepole. Nipo imechomelewa kwenye tenki jembamba, na mtu mwenye nguvu na spana ndefu anaweza kuitoboa hita mpya siku ya kwanza. Mpira wa kutolea maji uelekee chini tu, mdomo wake uwe wazi na uonekane.

PPR: mashine nyuzi 260, bomba la milimita 20 liingie milimita 14, pasha sekunde 5, liunge ndani ya sekunde 4, usilizungushe, liache dakika 2. Weka alama ya milimita 14 kwa penseli. Ukipasha zaidi au ukisukuma kupita alama, plastiki inakunjamana ndani na kuziba njia, na tundu la PPR nzito ya milimita 20 lina milimita 13 tu. Bomba likiwa na unyevu halishiki, kwa hiyo kama geti la zamani linapitisha maji funga kule kwenye tenki la juu. PVC ya kawaida isitumike njia ya moto hata kipande kifupi, inalegea.

Kujaza: fungua baridi huku bomba la moto likiwa wazi. Litakohoa hewa kwa dakika kadhaa. Ngoja mpaka maji yatoke mfululizo bila kukatika, ndipo ufunge. Pitisha tishu kavu kwenye kila kiungo, subiri nusu saa, pitisha tena. Baada ya hapo tu ndipo umeme uwashwe. Koili ikiwaka bila maji inaungua mapema sana, na waranti haikulindi.

Stima_Mombasa

Ndugu Mkazi, kuna watakaokushauri uachane na tenki uweke shawa ya moto ya papo hapo, hizi ambazo ziko kwa nyumba nyingi huku Kenya. Piga hesabu kwanza. Ya wati 5400 inavuta ampea 23.5, inataka waya wa milimita 6 kutoka kwa bodi, breka ya 32, na ethi ya uhakika. Kuifungia kwa waya wa milimita 2.5 wa hita ya zamani ni kuchoma nyumba. Kwa mkondo wa lita 3 kwa dakika inaongeza joto karibu nyuzi 25. Ukitaka maji mengi, yanakuwa vuguvugu.

Na maji ya chumvi yanapitisha stima vizuri zaidi. Zile shawa za kawaida koili yake iko uchi ndani ya maji, kwa hivyo lazima ununue aina iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, yenye koili iliyofunikwa. Hapa pwani hilo ndilo swali la kwanza dukani. Pia shawa hizi zinataka presha fulani ndipo ziwake, na mnara wa mita 6 ukitoa urefu wa shawa unabaki na mita 4 hivi. Soma kiwango cha chini kwenye boksi. Kwa mazingira yako tenki linafaa zaidi.

FundiBomba

Nakubaliana. Kuhusu anodi niliyoahidi. Ni fimbo ya magnesi iliyo pembeni ya koili. Kazi yake ni kuliwa badala ya chuma cha tenki, pale enameli ilipo na kasoro ndogo. Kadiri maji yanavyopitisha umeme ndivyo inavyoisha haraka, na maji ya chumvi yanaimaliza mapema mno. Kwa kisima chako, ikague baada ya miezi 6 ya kwanza. Ikiwa imebaki nyembamba au waya wa katikati unaonekana, weka mpya. Ukiona imeliwa kidogo tu, ongeza muda hadi mwaka. Kila ukifungua ile sahani weka gasketi mpya na kaza nati kwa kukatiza, hii kisha ya upande wa pili, kama unavyokaza tairi la gari. Hapo hapo kwangua magamba kwenye koili kwa mti au plastiki, usitumie bisibisi. Yakigoma, loweka koili kwenye siki.

Themostati iweke nyuzi 60. Juu ya hapo magamba yanaongezeka kwa kasi. Chini ya 50 kuna bakteria wanaostawi kwenye maji ya vuguvugu yaliyotuama. Lakini nyuzi 60 zinaunguza ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo kama kuna watoto weka mikisa (bomba la kuchanganya moto na baridi) na uwafundishe kuanza na baridi.

Mkazi_Nkuhungu

Wakuu, asanteni sana. Niliifungua, maji yanatoka kwenye sponji, na anodi haipo, umebaki waya. Hita mpya imekaa ukutani na fundi mwenye leseni ameunga umeme na kupima ethi. Maswali mawili yamebaki. Valvu mpya inadondosha kila hita ikiwaka, ndiyo kawaida? Na maji ya moto yana mkondo dhaifu kuliko baridi, wakati zamani yalilingana.

FundiBomba

Kudondosha wakati wa kupasha ni kawaida. Kwa lita 50 unaweza kukuta kama nusu lita hadi robo tatu ikiwa hakuna aliyefungua bomba. Hita yako inachukua karibu saa moja na dakika 20 kutoka nyuzi 25 hadi 60, na katika muda huo itadondosha, kisha ikikata itakoma. Ikiendelea kudondosha hata hita ikiwa imezimwa na imepoa, uchafu umekaa kwenye kiti cha valvu: inua kisukani mara mbili tatu maji yatoke kwa nguvu. Kwa mnara wa mita 6 haiwezi kuwa presha ya bomba. Fanya hivyo hivyo kila mwezi hata kama haina shida, magamba yasije yakaigandisha.

Mkondo dhaifu, angalia kwa mpangilio huu. Fungua hozi ya moto kwenye upande wa hita, weka ndoo, fungua baridi. Yakitoka kwa nguvu, tatizo liko mbele: hozi yenyewe, kiungo cha PPR ulichounga, au kichujio cha mikisa kilichojaa magamba yaliyosukumwa siku ya kujaza. Kichujio ndicho cha kuanza nacho, kinafunguliwa kwa mkono. Yakitoka dhaifu hapo kwenye hita, tazama geti valvu kama imefunguka yote, kisha kiungo cha upande wa baridi.

WayaTatu

Na kabla ya kufungua hozi yoyote sasa hivi, zima swichi, zima na breka, ngoja maji yapoe. Ukimaliza jaza upya mpaka hewa yote itoke kabla ya kurudisha umeme.

Mkazi_Nkuhungu

Kichujio cha mikisa kilikuwa kimejaa vipande vyeupe. Nimekisafisha, mkondo umepanda lakini bado haujalingana na baridi.

FundiBomba

Basi linganisha hozi. Shika mpya na ya zamani, tazama tundu la ndani kwenye nati. Hozi nyingi za bei rahisi zimeandikwa nusu inchi lakini njia ya ndani ni nyembamba sana, na kwa baa 0.6 kila milimita inahesabika. Tafuta zenye tundu pana. Zikiwa sawa na za zamani, kata kiungo cha PPR cha moto uchungulie ndani, utakuta pete ya plastiki imeziba. Kiunge upya kwa sekunde 5 na alama ya milimita 14.